Kufunga Simu ya Upepo Ndani ya Motokaa

Katika nchi yetu ya milima na mabonde, gari la wagonjwa laweza kuwa safarini saa nyingi, na mahali pengi njiani simu ya mkononi haipati mnara. Tena hatujasahau tarehe 3 Desemba 2023, matope ya mlima Hanang yalipoua watu zaidi ya 80 huko Katesh na kuziba barabara. Ndiyo sababu redio ya kusema na kujibiwa, ambayo wazee waliiita simu ya upepo, haijaachwa. Basi twataka kueleza jinsi ifungwavyo garini, kwa kuwa mashini njema ikifungwa vibaya hunyamaza saa ile ile mama mwenye uchungu anapopelekwa Haydom.

Kwanza ni chakula chake, yaani umeme. Redio isikilizapo hula kidogo, lakini dreva abonyezapo kitufe ili aseme, hula mwingi kwa ghafula. Redio ya masafa marefu yenye nguvu ya wati 100 yaweza kuvuta ampea 20. Fundi mvivu huunga waya wake katika waya wa kiwashio cha sigara, kwa kuwa u karibu. Lakini waya ule ni mwembamba. Ikiwa ukinzani wa njia nzima ni sehemu ya kumi tu ya omu, volti 2 zitapotea njiani, na katika volti 12 za betri redio itapata 10. Itasikia vizuri, nayo haitasikiwa. Na msemaji atadhani mwenzake wa hospitali amelala! Kwa hiyo nyaya mbili nene, mwekundu na mweusi, zitoke katika betri yenyewe. Lakini dreva asisahau kuizima redio jioni, maana ufunguo wa gari hautaizima, na asubuhi atakuta betri imekwisha.

Waya mwekundu utiwe fyuzi, nayo ikae karibu na betri, si karibu na redio. Jambo hili wengi hawalielewi. Kazi ya fyuzi si kulinda redio tu, bali kulinda gari lisiungue. Waya hupita katika tundu la bati litengalo mashini na miguu ya dreva. Barabara zetu hutikisa gari mchana kutwa, na bati hukata ngozi ya waya kama msumeno. Waya ukigusa bati kabla ya kufika kwenye fyuzi, hapana kitu cha kuuzuia usiwake moto. Basi tundu lile litiwe mpira wa kukinga.

Malori makubwa yana volti 24 kwa betri mbili. Usichukue volti 12 katika betri moja, kwani betri hizo hazitajazwa sawasawa, nazo zitaharibika upesi. Nunua kifaa cha kupunguza volti.

Sasa antena. Kwa masafa ya megahezi 150 urefu wa wimbi ni mita 2, na antena ya robo yake ni sentimeta 50 hivi. Mahali pake bora ni katikati ya paa la bati, maana bati nalo hufanya kazi pamoja na antena. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama mwanga: gari lililo Katesh, kusini mwa mlima, na gari lililo kaskazini yake yaweza kukosa kusikilizana. Masafa marefu ya megahezi chache hurudishwa na anga za juu, kwa hiyo huvuka mlima. Lakini antena yake ni ndefu, nayo hufungwa kwenye bampa.

Usibonyeze kitufe cha kusema kabla antena haijaungwa, kwa maana nguvu hurudi ndani na kuweza kuiunguza redio. Kibali cha masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kipatikane mapema. Kisha jaribu redio mashini ya gari ikinguruma, si ikiwa imezimwa. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mashini, kaza tena waya mweusi, kwanza ukikwangua kutu na rangi pale unaposhikia.