Nguvu za Mama Zetu Waliozeeka

Mwezi huu twataka kuwafundisha habari za mama zetu waliopita miaka 60, hasa wale wa mlimani, wa Machame, Old Moshi, Mamba na Marangu.

Twawajua. Tangu ujana wao wamepanda na kushuka: wamekata majani ya ng'ombe huko tambarare na kuyapandisha kichwani mpaka kihambani, wamechota maji mferejini, wamebeba mikungu ya ndizi mpaka sokoni. Kisha watoto hupata kazi mjini, nao hurudi na kusema, "Mama, sasa pumzika." Humnunulia kiti, humwajiri kijana wa kukata majani. Neno hili latoka katika upendo, wala hatulilaumu. Lakini mara nyingi muda si mwingi mama yule hawezi kuinuka kitini asiposhikwa mkono, nasi twasema, "Ni uzee."

Si uzee peke yake. Misuli isiyotumiwa hupungua, hata ya kijana aliyelazwa kitandani majuma machache. Nguvu hazikai kama mahindi ghalani. Tena mwanamke akiisha kukoma hedhi, mifupa yake hupoteza uimara upesi. Basi miguu ikiwa dhaifu, na mifupa hivyo hivyo, na njia zetu za mteremko zikiwa na utelezi wakati wa masika, mama huanguka na kuvunjika nyonga. Wengi waliovunjika hivyo hawatembei tena kama zamani.

Je, nguvu zilizopotea zaweza kurudi? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee dhaifu 10 waliokaa katika makao ya wazee, umri wao wapata miaka 90. Walizoezwa kuinua uzito kwa miguu majuma 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani 174 kwa mia. Mwaka 2019 bibi mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Kibo, meta 5,895, naye ana miaka 89. Hatumshauri mama yeyote amfuate huko!

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lataka wazee wazoeze misuli siku 2 au zaidi kila juma, na kujizoeza kusimama imara siku 3 au zaidi. Haihitaji fedha. Mama na akae juu ya kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame bila kushika kitu, akae tena polepole; mara 5 kwanza, na akizoea, mara 10. Ikiwa hawezi, na atumie mikono, haidhuru. Kisha ashike mwimo wa mlango, ainue visigino na kuvishusha. Kisha aweke viganja ukutani, ausogeze mwili karibu na kuusukuma nyuma. Asizuie pumzi. Na mzigo mdogo wa majani asinyang'anywe, upunguzwe tu.

Chakula nacho kina kazi: maharage, maziwa na mayai hujenga misuli, lakini mara nyingi bibi huwaachia wajukuu.

Walimu wa mitaa, mama wakutanapo kwa ushirika wao, dakika 15 zatosha kwa mazoezi haya, wote pamoja. Mwenye maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au aliyeanguka karibuni, apimwe kwanza hospitalini.