SOMO: KUVUA SANGARA KWA NDOANO WAKATI WA KIANGAZI

Ziwa Victoria linatulisha sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama. Linatupa kitoweo, na linatupa fedha za sabuni na sare za watoto. Leo tujifunze kuvua sangara wakati wa kiangazi, yaani Juni hadi Agosti.

1. Sangara alitoka wapi?

Sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Alikula furu mpaka aina nyingi za furu zikatoweka. Lakini alileta pia biashara. Minofu yake husafirishwa hadi Ulaya, mabondo huuzwa kwa bei kubwa, na kayabo hufika mpaka Kongo.

2. Kiangazi sangara yuko wapi?

Sangara anahitaji hewa nyingi ndani ya maji. Miezi ya joto, maji ya chini kabisa hukosa hewa, kwa hiyo sangara hukaa juu zaidi au karibu na pwani. Kiangazi, upepo mkali wa kusini hulikoroga ziwa kama mwiko unavyokoroga uji. Hewa hufika chini, na sangara hutawanyika kwenda kilindini. Ndiyo maana mvuvi wa kiangazi huenda mbali. Na huko mbali ndiko kwenye hatari.

3. Kutega ndoano

Wavuvi hufunga ndoano nyingi kwenye kamba moja ndefu. Huweka mawe ya kuizamisha na maboya ya kuionyesha. Chambo kizuri ni samaki mdogo aliye hai, kwa mfano mumi mdogo. Hutega jioni, na hutegua alfajiri.

Soma namba kwenye pakiti ya ndoano kabla ya kununua. Namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Ndoano ndogo hunasa watoto wa sangara. Na chambo kisitafutwe kwa kokoro. Kokoro imekatazwa, maana inazoa mpaka mazalia.

4. Tupime samaki

Kanuni zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Huna kipimo? Chukua rula ya mtoto wa shule, ya sentimita 30. Pima 30, ongeza 20, kisha chora alama kwenye kasia. Mlaze samaki hapo, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia.

Wengine watasema, "Nikimwacha mimi, atavuliwa na jirani." Hebu tufanye hesabu. Sangara akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane. Basi sangara wa sentimita 40 akifika sentimita 80, ni kama samaki wanane wa kwanza. Tukimla leo, tumekula mmoja na kupoteza saba. Tena hajazaa bado. Ndiyo sababu tunahitaji kukubaliana wote mwaloni, kupitia BMU yetu.

Wenzetu wa jimbo la Maryland, Marekani, walikuwa na samaki wa pwani mwenye michirizi ubavuni. Walimvua mno, akakaribia kwisha. Mwaka 1985 wakapiga marufuku kumvua, hadi mwaka 1990. Samaki wakaongezeka tena. Ilikuwa miaka mitano ya njaa ya mfukoni. Afadhali kupima mapema.

5. Tuangalie upepo

Kwa kawaida usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hutoka ziwani kuja pwani. Kwa hiyo upepo wa usiku hukusukuma mbali na nyumbani. Kabla ya kuondoka:

- Sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni.
- Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Lisikaliwe kama mto.
- Chukua kopo la kukumba maji, tochi na makasia ya akiba.
- Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi.

Ukiona mawingu meusi na mawimbi yanapanda, rudi. Ndoano hununuliwa tena. Baba wa watoto hauzwi dukani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini sangara huenda kilindini wakati wa kiangazi?
2. Kasia lako lina alama ya sentimita 50?
3. Mwaloni kwenu, mitumbwi mingapi ina jaketi kwa kila mtu? Mihesabu, kisha andikeni.