Kabla ya mkopo, dai kilicho chako

Shangazi, nina miaka 36, naishi Morogoro na wanangu wawili. Mume wangu aliniandikia talaka mwaka jana, na nyumba tuliyojenga pamoja anaishi na mke mwingine. Nilianza genge la nyanya na vitunguu, likafa mtoto alipolazwa, mtaji wote ukaishia hospitali. Sasa nataka kufungua mgahawa ili nisimtegemee mtu tena. Fremu nimeshapata, na kuna watu wanakopesha milioni moja bila rehani, narudisha 80,000 kila wiki kwa wiki 16. Ndugu zangu wanasema nidai sehemu ya nyumba, mimi sitaki tena kitu chake. Nichukue mkopo? – Nataka Kusimama, Morogoro.

Binti yangu, pole kwa yote yaliyokupata. Nia yako ni njema, wala sitakuambia uiache. Ila isome tena barua yako uone genge lile lilikufaje. Wateja ulikuwa nao. Mtoto alipougua, hapakuwa na shilingi nyingine nyumbani isipokuwa ile iliyokuwa ikizunguka sokoni, ukaichukua, na mama yeyote angefanya hivyo. Mitaji mingi ya kina mama huliwa nyumbani namna hiyo, kwa kodi, sare za shule na dawa, hata pale ambapo biashara yenyewe inakwenda vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utapata wapi milioni moja, jiulize nani atabeba nyumba yako wakati hiyo milioni inazunguka. Mkopo huu hautaibeba. Utaongeza mdomo mmoja wa kulisha.

Tupige hesabu. Elfu 80 mara wiki 16 ni 1,280,000. Ukifungua siku sita kwa wiki, unatakiwa utenge zaidi ya 13,300 kila siku kwa ajili ya rejesho tu. Tuseme sahani ya wali maharage unaiuza 2,000, na ukishatoa mchele, mafuta, mkaa na maji unabaki na 500. Hapo unauza sahani 27 kila siku kabla wanao hawajapata hata daftari moja, na mgahawa mpya haujui bado wateja wake wanakula saa ngapi. Tena rejesho la kwanza linadaiwa baada ya siku saba, wakati hata mabenchi hujamaliza kununua, kwa hiyo utawarudishia hela yao ileile. Na mwenye fremu je? Wengi hutaka kodi ya miezi sita mkononi. Ukishamlipa, pesa ya sufuria na gunia la mchele itatoka wapi? Mikopo ya namna hii mitaani inaitwa kausha damu, na walioipa jina hilo ni waliowahi kuilipa.

Utaniambia kwamba wapo walioinuka kwa mikopo midogo. Wapo, sikatai. Lakini mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti za nchi sita, zikiwemo India, Ethiopia na Moroko, zilizolinganisha watu waliofikiwa na mikopo hiyo na wenzao ambao hawakufikiwa. Manufaa yalionekana, ila yalikuwa madogo, na kwa kaya ya kawaida hayakubadilisha maisha. Utafiti mwingine, uliofanyika Kolkata, India, na kuchapishwa 2013, unakugusa wewe moja kwa moja. Wakopaji wanawake waligawanywa, wengine wakaanza kurejesha baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi miwili. Waliopewa nafasi ya kupumua waliweka fedha nyingi zaidi kwenye biashara, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa zaidi, ingawa walioshindwa kulipa waliongezeka pia. Mkopo wa rejesho la haraka humfanya mtu aogope kununua kitu ambacho hakirudishi hela wiki hiyohiyo, na mgahawa ni vitu vya namna hiyo vitupu.

Sasa nyumba. Hapa nakupinga waziwazi, kwa kuwa nakutakia mema. Unaposema hutaki kitu chake, unamzawadia kitu ambacho ni chako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za wote wawili, na mchango wa kazi unahesabiwa pamoja na wa fedha. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Rufaa yake yeye haikufaulu kwa sababu nyingine, lakini msimamo ule umewafaa wanawake wengi baada yake. Kama uliwachotea mafundi maji na kuwapikia, hata kama hukutoa senti, una la kusema. Na matunzo ya watoto si hisani: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka baba ayatoe. Hata akitoa kidogo kila mwezi, mtoto akiugua tena hutauza sufuria.

Najua unachoogopa. Kesi huchelewa, na majirani watasema unamng'ang'ania. Kuchelewa ni kweli, ndiyo maana usikae kuisubiri. Anza bila fremu, kwa chapati na chai asubuhi mahali penye mafundi au bodaboda, kwa mtaji unaoweza kuupoteza bila kulia. Ingia kwenye kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kikundi kikisajiliwa, mnaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Huo nao una foleni yake, lakini hautakugongea mlango Jumatatu. Ukishauza miezi kadhaa na kuandika kila siku kilichoingia na kilichotoka, utajua mwenyewe kama biashara inaweza kubeba deni, na la kiasi gani. Kuhusu majirani, hawatakulipia ada.

Karatasi ya talaka aliyokuandikia haigawi mali, mahakama ndiyo inayogawa. Anzia baraza la usuluhishi la kata, au la dini yenu, kisha uende mahakama ya mwanzo. Kwa matunzo, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na umuulize pia walipo wasaidizi wa kisheria wasiotoza fedha. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti yoyote ya saruji au mabati uliyonayo, na majina ya mafundi waliokula chakula chako wakati nyumba ile inajengwa.