Morris Nyunyusa na Suala la Fanani katika Ngoma

Ngoma za jadi, aghalabu, hugawa kazi: wa chapuo hushika chapuo, wa vumi hushika vumi, na utamu hutokana na majibizano yao. Morris Nyunyusa, fanani kipofu kutoka kusini mwa Tanzania, aliuvunja mgawo huo. Alizipanga ngoma nyingi mbele yake, akazijibizanisha peke yake.

Hatua hiyo yafanana na ya wapigaji wa jazi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Hao, kwa msaada wa kikanyagio cha mguu, waliunganisha kazi ya wapigaji wawili au watatu wa bendi ya gwaride ikawa ya mtu mmoja. Hata hivyo, Nyunyusa hakutoka nje ya mapokeo yake. Majaribio aliyafanya humo humo. Kumwita mwanajazi, kama sifa, ni kumpunguzia.

Athari yake kubwa ilitokana na redio. Mapigo yake yalitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, jina lililoanza kutumika mwaka 1965. Msikilizaji wa Ugalla, upande wa Mpanda, mbali kabisa na Lindi, aliyapokea kama mwito wa kunyamaza na kusikiliza, ingawa hayakuwa na neno hata moja.

Hapo ndipo mwanafasihi anapopata tatizo. Nadharia iliyozoeleka hudai kuwa kazi simulizi ni mali ya jamii kwa kuwa mtunzi wake hajulikani. Mtunzi wa mapigo haya alijulikana tangu mwanzo. Kilichomficha ni kurudiwa kwake hewani, siku baada ya siku, pasipo kutajwa.