Amplifaya ya Valvu: Chukua Ndogo, Ifanyishe Kazi

Mpiga gitaa la umeme anayetafuta ovadraivu, ule mkwaruzo mnene wa bluzi na roki, asome haya kabla hajatoa pesa.

1. Usibabaishwe na wati. Amplifaya ya wati 100 huizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 tu. Mkwaruzo mtamu kuliko wote huja valvu za kutoa nguvu zinapolemewa, na ya wati 100 hutaipata nafasi ya kuilemea. Nyumbani wati 5 zinatosha na kubaki. Ukipiga na mtu wa dramu, tafuta wati 15 hadi 22.

2. Uliza imefungwa valvu gani. EL84, zilizomo kwenye Vox AC30, hung'arisha nyuzi nyembamba. EL34 za Marshall nyingi hunguruma katikati. 6V6 za Fender Deluxe Reverb ni laini, na huanza kukwaruza mapema. Lakini valvu peke yake haiamui kila kitu. Jim Marshall na mafundi wake walipounda JTM45 jijini London mwaka 1962, waliiga mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Walibadilisha spika, wakaweka mwanzoni mwa saketi valvu inayokuza zaidi, na ikazaliwa sauti nyingine kabisa.

3. Spika iwe ya inchi 12 ukiweza. Ndogo sana hukosa kifua.

4. Sasa tafuta sauti yenyewe. Shusha besi kwanza, maana ikizidi, nyuzi nene huvurugika kama uji. Weka geini nusu, kisha pandisha volyumu polepole huku ukirudia kodi ileile. Pa kusimama ni pale ambapo ukigusa nyuzi taratibu sauti inatoka safi, na ukizichapa inakwaruza. Halafu shusha volyumu ya gitaa kutoka 10 hadi 6: mkwaruzo ukipungua bila sauti kufifia, hiyo amplifaya ni nzuri. Wengi hujaza geini mpaka mwisho, na noti zote zinasikika sawa. Ni hasara kubwa.

5. Pedali ya aina ya Tube Screamer itumie kuisukuma amplifaya: draivu chini, level juu. Hukata besi na kuinua sauti za kati, na solo lako linasikika katikati ya bendi.

6. Usiiwashe amplifaya kamwe bila spika. Transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Omu za spika zilingane na zilizoandikwa nyuma. Wala usiifungue: kapasita hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

7. Amplifaya iliyotoka Marekani hutumia volti 120, na umeme wetu wa Afrika Mashariki ni kama 230 hadi 240. Soma nyuma yake kabla ya kuchomeka.

8. Dukani nenda na gitaa lako mwenyewe, na uombe kuifungulia amplifaya sauti. Muuzaji akikataa, tafuta duka jingine.