Mtoto Mwenye Dispraksia na Ndoa ya Wazazi Wake

Mara hii tuzungumze juu ya mzigo ambao wazazi wengi huubeba kimyakimya. Mmetoka hospitalini na mtoto wenu wa miaka saba, na mmeambiwa kwamba ana dispraksia. Neno hilo hamjapata kulisikia. Ndani ya matatu hakuna anayesema kitu. Mama anawaza lake, baba anawaza lake, naye mtoto anatazama nje ya dirisha akijiuliza amekosa nini.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Dispraksia ni ugumu wa ubongo kupanga na kuongoza mwendo wa viungo vya mwili. Mtoto anajua vizuri anachotaka kufanya, lakini mkono haufuati. Ndiyo sababu anamwaga uji, anavaa sweta nyuma mbele, anajikwaa mahali pasipo na kitu, anashindwa kufunga kamba za viatu hali mdogo wake anazifunga. Darasani mwandiko wake hausomeki, na kwenye kandanda yeye huchaguliwa wa mwisho. Hali hii si kipimo cha akili. Wako wengi wenye akili kali kabisa. Wataalamu hukadiria kwamba katika watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, watano au sita wanayo, na wavulana hugunduliwa kuliko wasichana. Huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hakuna dawa ya kuiondoa, na wengi huendelea nayo hata ukubwani, lakini mtoto akisaidiwa hujifunza kazi nyingi ambazo leo zinamshinda.

Hayo ni ya daktari. Sasa tuje kwenu wawili, kwa maana hapa ndipo nyumba nyingi hutikisika.

Lawama ndiyo huja kwanza. Mume anasema, "Kwetu hakuna mtoto wa namna hii." Mama mkwe anauliza mke alikula nini alipokuwa mja mzito. Mke naye anakumbuka maneno makali ya mumewe wakati ule, na kuamini kwamba ndiyo yaliyomdhuru mtoto. Someni pamoja sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Nyumba ya Kikristo nayo ilikatae, na ni wajibu wa mume kuwaambia jamaa zake, kwa heshima lakini wazi, kwamba mazungumzo hayo yamekwisha. Asimwachie mke kazi hiyo. Vivyo hivyo mke kwa upande wa kwao.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona. Mume na mke hawahuzuniki kwa mwendo mmoja. Mara nyingi mama ndiye aliyekuwa akishuku kwa muda mrefu, na siku ya kuambiwa jina la hali hii yeye hupata hata nafuu kidogo. Baba ndiyo kwanza anaanza. Atasema, "Hata mimi nilikuwa hivyo, atakua tu," na huenda kweli alikuwa hivyo! Mke akimwona mumewe hajali, na mume akimwona mkewe anamlegeza mtoto, kila mmoja huvuta upande wake. Baba anaongeza ukali ili kusawazisha ulegevu wa mama. Mama anaongeza huruma ili kuziba ukali wa baba. Mtoto anabaki katikati, akisikia jina lake katika kila ugomvi wa usiku.

Basi kubalianeni mapema mambo mawili. La kwanza, mtoto hatapigwa wala kuitwa mvivu kwa sababu ya kitu ambacho mwili wake haukuweza. Kuvunja kikombe si utovu wa adabu. Kusema uwongo kuhusu kikombe ni jambo jingine, na hapo arudiwe kama watoto wengine. La pili, hatafanyiwa kila kitu. Mama anayemvisha mtoto wa miaka tisa kila asubuhi kwa kuwa wamechelewa anamnyima nafasi ya kujifunza, ingawa anampenda.

Mnaweza kumfundisha hivi. Chukueni kazi moja tu, ile ambayo mtoto mwenyewe anaitamani, tuseme kufunga vifungo vya shati la shule. Mfungie vyote isipokuwa cha mwisho, naye amalizie. Akikiweza, muachie viwili, halafu vitatu. Hivyo kila siku yeye ndiye anayemaliza, na ladha ya kumaliza humpa moyo. Fanyeni dakika chache kila siku, si saa nzima Jumamosi. Mwambie ataje hatua kwa sauti kabla ya kuzifanya, kisha ajiulize mpango wake ulifaulu au ubadilishwe wapi. Mazoezi bora ni ya kazi yenyewe; anayetaka kujifunza kumenya viazi amenye viazi. Na pale ambapo hapana haja ya kupigana, msipigane. Viatu vya kubandika si aibu. Kikombe kisijazwe hadi ukingoni.

Mtaalamu wa kuwaongoza ni yule wa tiba ya shughuli za kila siku, ambaye hospitalini watu humwita OT. Nendeni wote wawili walau mara ya kwanza, kwa maana baba anayesikia kwa masikio yake haamini tena kwamba mkewe anazidisha mambo. Kwa upande wa shule, Kenya ina vituo vya kutathmini watoto, EARC, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984, na pia taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi. Ripoti yao mpeni mwalimu mkononi, mkae naye, mwombeni mtoto akae mbele, miguu yake ifike sakafuni, apunguziwe kunakili ubaoni. Mkimkuta mwalimu wa kiboko, mkumbusheni kwa upole kwamba viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Na mwulizeni mwalimu mkuu mapema juu ya muda wa ziada katika mitihani ya taifa, kwa kuwa shule ndiyo inayouomba.

Msiwasahau ndugu zake. Dada anayechota maji zamu mbili kwa sababu kaka yake humwaga ana haki ya kunung'unika. Mpeni mvulana kazi yake halisi, kama kulisha kuku, na msiifanye kwa niaba yake.

Hata parokiani mambo ni yale yale. Mtoto anayetaka kutumikia altareni huogopa kuangusha vichupa vya divai na maji mbele ya waamini wote. Zungumzeni na padre ampe kengele kwanza. Msichana asiyeweza kufuata hatua za wanaocheza wakati wa Misa anaweza kupewa somo alisome. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizisifu familia zinazompokea kwa upendo mtoto mwenye mahitaji ya pekee. Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuanza kwa jambo dogo tu, yaani kuacha kumcheka.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zimeni redio mkae wawili. Kila mmoja amjibu mwenzake bila kukatizwa: Ni nini kinachoniogopesha zaidi kuhusu mtoto wetu? Ni kazi gani ya kumlea ambayo nimekuachia peke yako? Na kesho asubuhi, ni nani kati yetu atakayekaa naye wakati wa vifungo?