Wavu wa Kuzingira na Dagaa wa Sokoni

Wakazi wa Mikinduri wako mbali na maziwa na bahari, na wengi wao huwajua dagaa wakiwa wamekwisha kukauka, wakipimwa kwa kopo sokoni. Dagaa hao, waitwao pia omena, hutoka Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Bonde la Ufa, na chombo kiwatoacho majini ni wavu wa kuzingira.

Wavu huu si sawa na jarife. Jarife hutegwa majini, na samaki apitaye hujinasa mwenyewe. Wavu wa kuzingira huwazunguka samaki waliokusanyika, kama ua uzungukavyo boma la ng'ombe. Ukingo wake wa juu una maboya ili uelee, na ukingo wa chini una vipande vya risasi ili uzame.

Kazi hufanywa usiku wa giza, kwa maana mbalamwezi huipunguzia taa nguvu. Wavuvi huweka taa juu ya chelezo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi hutumia nguvu za jua. Dagaa huvutwa na nuru, wakakusanyika chini yake. Ndipo mashua huizunguka taa, huku wavu ukishushwa, hata duara likutane. Kisha ncha mbili huvutwa pamoja, na tumbo la wavu huinuliwa pamoja na samaki.

Wavuvi wa Bahari ya Mediterania wanao wavu wa jamii hii tangu zamani. Huitwa lampara, na jina hilo latokana na taa.

Nguvu ya wavu huu ndiyo hatari yake, kwa kuwa hauchagui. Samaki aliyezingirwa hana njia ya kuponea ila tundu la wavu. Tundu likiwa dogo mno, dagaa wachanga hukamatwa, na watoto wa sangara na sato pia. Kwa sababu hiyo kanuni za Kenya zimeagiza tundu lisipungue milimita 10, na kwa miaka mingi uvuvi wa dagaa umekuwa ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane.

Basi dagaa wakiadimika sokoni katika miezi hiyo, mnunuzi asidhani kwamba ziwa limekauka. Dagaa wachanga wakivuliwa leo, hawatakuwako wa kuzaa, na kopo la mwakani litakuwa tupu, kando ya ziwa na Mikinduri vilevile.